Hesabu ya Steji ya Ekalakala

Machakos mjini
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Habari za huko Ekalakala? Goti linasemaje leo, na masikio je? Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia wiki hizi mbili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu mpaka watu wa ofisi wanageuka kutazama.

Ile kazi niliyokuambia imefika mwisho. Mpango wa mabasi ya umma wa miaka thelathini, kuanzia sasa hadi 2055, umechorwa wote. Bwana Bartholomew, mkuu wetu, ameibandika ramani yake ukutani, mistari ya kila rangi, na hatuachi kuitazama. Nilifurahi sana kuwa katika kazi hii, Mama. Sasa naogopa.

Naogopa kwa sababu kuna mstari mmoja nimeufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Ni ule wa kutoka Kithyoko kuja mjini kupitia hapo kwenu. Kanuni ya mpango ni kwamba basi lisilofikisha abiria ishirini kwa safari linaondolewa na kupelekwa panapohitajika. Fomu za Ekalakala, ambako wote waliomo basini huhesabiwa, zinasema abiria sita, nane, na hata siku ya soko tisa. Kwa hivyo kuanzia Juni basi la kijani analoendesha Maundu litahamia Kinanie, kwa ajili ya viwanda vya ngozi vinavyotarajiwa huko.

Fomu hizo ulizijaza wewe. Hapa ofisini hakuna anayejua kwamba mhesabu wa Ekalakala ni mama yangu. Nilikupa kazi hiyo mwezi wa Novemba kwa sababu kibanda chako cha mitumba kinatazamana na steji, na hakuna anayewajua watu wa hapo kukushinda. Tafadhali usimwambie mtu. Kamati itatia sahihi Ijumaa tarehe 28 Machi.

Wewe mwenyewe najua halitakuumiza sana. Mitumba yako inakuja na lori, na mjini huji. Kwangu hujafika tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nawawaza wengine tu, halafu nashindwa kulala.

Barua nampa Maundu, kama kawaida yetu.

Binti yako,
Wangechi

Ekalakala
6 Februari 2025

Kwa Wangechi wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi huku ni wazima, jua tu ndilo limetukalia kichwani. Goti lipo, halijahama.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Mtoto wangu, usilikate hilo basi. Sikuandikii kama mama anayemkemea mtoto. Nakuomba.

Unamkumbuka Katunge, jirani yetu muuza maharagwe, yule aliyekusuka nywele siku ya harusi ya dada yako? Anapanda basi hilo kila mwezi na msichana wake wa kifafa kufuata dawa. Sasa yeye mwenyewe ni mjamzito tena na kliniki yake ni huko huko mjini. Na wako wengine. Mtu wa namna hiyo hawezi kuketi juu ya pikipiki kutoka hapa mpaka Machakos.

Unasema kanuni ni ishirini. Nani alisema ni ishirini? Aliwahi kusimama hapa steji na miguu yake?

Naogopa, Wangechi. Jibu upesi.

Mama yako

Machakos mjini
12 Februari 2025

Mama,

Umeshindaje? Mimi nimeshinda vibaya. Katika maisha yangu sijawahi kukusikia ukisema unaogopa. Hata siku baba alipofariki ulisema tu, tuweke chai, watu wako njiani.

Juzi jioni nilishuka stendi kumngoja Maundu. Nikamwuliza, bila kumwambia sababu, basi lake hubeba watu wangapi. Akasema Jumanne na Ijumaa wengine husimama kutoka Ekalakala mpaka mjini. Nikamwuliza tena kama ana hakika. Akaniambia, "Madam, kwani basi naendesha mimi ama unaendesha wewe?"

Nikarudi ofisini nikazitoa fomu zako. Jumanne, sita. Ijumaa, sita. Halafu nikaona kitu ambacho sikukiona Novemba. Siku nyingine zote umeandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wako ule ulionyooka. Jumanne na Ijumaa ni penseli, na herufi zinaruka ruka, kama zimeandikwa juu ya kitu kinachotembea.

Mama, ulihesabu vipi? Na siku hizo mbili ulikuwa wapi?

Bwana Bartholomew ameanza kuuliza majina ya wahesabu wote ayaweke nyuma ya mpango. Nimemwambia bado nayatafuta. Akijua nilimpa mama yangu kazi na nikanyamaza, huenda nikafutwa. Lakini hilo linanitisha kidogo kuliko penseli yako.

Binti yako,
Wangechi

Machakos mjini
3 Machi 2025

Mama,

Wiki tatu sasa bila neno. Maundu anasema barua alikupa mkononi. Nilipomwuliza kama u mzima alianza kupangusa taa ya basi, na ilikuwa safi. Nikampigia Katunge. Akasema, "Mama yako yuko," kisha akakata.

Kama kuna jambo niambie. Lolote lile. Nikiwa gizani hivi nafikiria mabaya yote, na kila siku napata jipya la kuongeza.

Mtoto wako,
Wangechi

Ekalakala
8 Machi 2025

Kwa Wangechi,

Safari hii sitaandika kwamba sisi ni wazima.

Barua nyingine tatu niliandika nikazitia motoni. Hii nampa Maundu kabla sijaisoma tena.

Uliniuliza nilihesabu vipi. Nilihesabu wale wenye afya. Watoto sikuwahesabu. Wenye mimba sikuwahesabu. Wagonjwa sikuwahesabu. Usinicheke. Wewe umesoma, lakini jina ulilo nalo ni la mama yangu, na mama yangu hakukubali mtu ahesabiwe. Hata mbuzi hakuwahesabu, aliwatazama tu akajua nani hayupo. Kitu kikifika kumi yeye alisema tisa iliyojaa, mdomo wake haukupita hapo.

Mwaka wa sensa, mimi nikiwa na miaka sita, karani alikuja na kitabu na mama hayupo. Akatupanga ukutani. Akatugusa kichwani kwa kalamu mmoja mmoja, moja, mbili, tatu. Wa mwisho alikuwa ndugu yetu mdogo Kimotho, ambaye alikuwa na homa kidogo tu siku hiyo. Mwezi haukuisha tukamzika. Watu walisema ni surua. Mama hakuruhusu tena mtu mwenye kalamu avuke mlango wetu.

Uliponipa fomu nilidhani nimeshakua, nitaweza. Siku ya kwanza kabisa Katunge akapanda na msichana wake, nikaweka kalamu kwa karatasi, mkono ukakataa. Nikajiambia, mwenye afya akihesabiwa atastahimili, huyu mgonjwa nimwachie Mungu. Sikujua ile karatasi ni ya kuondoa basi, Wangechi. Nilidhani ni ya kuongeza viti.

Sasa lile lingine. Jumanne na Ijumaa niliandika nikiwa ndani ya basi. Tangu Agosti figo zangu zimechoka. Mara mbili kwa wiki nakuja hospitali huko mjini nalala kando ya mashine masaa manne. Inatoa damu, inaiosha, inanirudishia. Kisha narudi na basi la jioni. Maundu anajua, na Katunge. Niliwaapisha.

Basi letu hupita mbele ya ofisi yako. Mara mbili nimekuona dirishani umesimama mbele ya hiyo ramani. Siku moja ulikuwa na kikombe mkononi. Nilifurahi kuona umenenepa kidogo.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kila kitu ukimbie kunibeba. Na kwa sababu nilijua nikishalitamka nitaanza kuogopa, na kweli nimeanza.

Mimi pia sikujihesabu.

Mama yako

Machakos mjini
Jumatano, 12 Machi 2025

Mama,

Sikuulizi hali. Jana nimeiona.

Uliponikuta mlangoni pa hospitali ulificha mkono wenye bandeji ndani ya leso, kama mtoto aliyeiba sukari. Halafu ukalala pale, mashine inazunguka, na mimi kwenye kiti cha plastiki sijui nikushike wapi. Nina hasira na wewe. Miezi saba. Mficha maradhi kifo humuumbua, ni wewe uliyenifundisha, na ukanifanyia hivi. Na nina hofu, Mama.

Nilipokuambia uhamie kwangu uliniuliza, "Na Katunge ahamie kwa nani?" Nilipokuomba uhesabu upya uligeukia ukuta. Kwa hivyo naandika, maana karatasi huwezi kuipa mgongo.

Leo asubuhi nimemwambia Bwana Bartholomew yote. Kwamba mhesabu ni mama yangu, na kwamba kuna watu aliwaruka. Hakupaza sauti. Alivua miwani, akasema barua ya onyo nitaipata, na kwamba hana mtu wa kutuma, wahesabu wote wamemaliza kazi wakaenda zao. "Aliyeharibu atengeneze," akasema. "Wiki moja, kila safari, na dereva atie sahihi kila siku. Ikinifikia kabla ya tarehe ishirini na tano nitaipeleka kwa kamati. Isipofika, mstari huo hatuna."

Mama, basi likiondoka Juni, wewe utafikaje kwenye mashine? Nimelipanga jambo hilo kila namna. Mimi ninayepanga mpaka 2055, Julai yako imenishinda.

Najua unachoogopa. Niliisoma habari ya Kimotho mara nyingi, na ukweli ni kwamba umeniambukiza. Usipohesabu naogopa. Ukihesabu naogopa. Hata hivyo nakuomba uhesabu.

Binti yako,
Wangechi

Ekalakala
Jumamosi, 22 Machi 2025

Wangechi mwanangu,

Nakusalimu. Mkono unauma na moyo unadunda, hayo ndiyo ya afya. Fomu zako ziko humu ndani na ni tupu. Usishtuke, geuza nyuma.

Kuhesabu nilijaribu. Nilianza vizuri, nikafika kwa yule msichana wa Katunge, nikaona kalamu ya karani juu ya kichwa cha Kimotho. Nikakaa kibandani nimejifunika mitumba jua likiwaka, mpaka mteja akaniuliza kama nina malaria.

Halafu nikakumbuka jambo. Mama yangu hakukataa kutuita. Kila jioni alisimama mlangoni akatuita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na asiyeitika alikwenda kumtafuta. Kwa hivyo nimeandika majina. Kila aliyepanda nilimwuliza jina nikamweleza ni la nini. Siku za mashine niliuliza humo humo ndani ya basi. Wengine walisema zaidi ya jina na sikuona vizuri kuwakatiza. Utakuta Mutanu, anafuata miwani. Mzee Muigai wa Kithyoko, mguu wa sukari. Loise mwalimu, mimba ya pili, ya kwanza ilitoka. Kanini na Onesmus wa shule ya viziwi, hao waliandika wenyewe, na mwandiko wao ni mzuri kuliko wako. Mmoja alinikatalia jina kabisa, akasema yeye si wa serikali. Huyo nimeandika mwenye kofia ya kijivu, sijui kama mnamkubali.

Maundu ametia sahihi kila siku.

Jumanne na Ijumaa, jina la mwisho ni Warigia wa Wanyoike, mashine. Niliandika nikiwa nimefumba macho, ndiyo maana limepanda juu ya mstari.

Mimi kazi yangu ni kuita. Kuhesabu ni yako wewe mwenye shule. Jumla usiniambie.

Mama yako

Machakos, hapa stendi
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mama,

U hali gani? Naandika swali hili na kwa mara ya kwanza sijui kama kuna wa kulijibu.

Nianze na Jumatatu. Maundu aliniletea bahasha nikaifungua juu ya meza. Nilikuwa nagusa kila jina kwa kalamu nyekundu. Nilienda vizuri mpaka nikafika kwa jina lako, na kalamu ikasimama. Mimi, Mama, niliyesoma takwimu miaka minne chuoni. Nikajiambia nikuruke, hakuna atakayejua, hao wengine wanapita ishirini bila wewe. Na kweli wanapita, wanapita mbali. Halafu nikaona kwamba ndivyo ulivyofanya wewe Novemba, na tazama ilitufikisha wapi. Nikaligusa. Nimekuhesabu, Jumanne na tena Ijumaa. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Leo saa tano kamati imetia sahihi. Njia ya Kithyoko imebaki kwenye mpango mpaka mwisho, na itahesabiwa upya kila baada ya miaka mitano. Nilikimbia hospitali kukuambia. Kitanda chako kilikuwa kitupu. Muuguzi akasema hukufika, na wagonjwa wengine wa upande wenu pia hawakufika.

Sasa ni saa kumi. Karani wa stendi anasema basi lilitoka Ekalakala asubuhi, abiria wamejaa, na ng'ambo ya mto halikutokea. Mvua imenyesha huko juu tangu jana na maji yamefunika daraja. Nilipanda gari mpaka polisi walipofunga barabara, wakanirudisha. Simu ya Maundu haishiki. Ya Katunge haishiki. Watu wananiambia mtandao umeanguka, kaa utulie.

Niliwahesabu wote, Mama. Nilimgusa kila mmoja kwa kalamu, kama yule karani, na leo basi zima halijulikani liko wapi. Najua ni upuuzi. Nimejiambia hivyo tangu saa saba na bado sijaamini.

Barua hii nitampa wa kwanza atakayevuka. Nijibu neno moja tu.

Mtoto wako,
Wangechi

Ekalakala
Jumapili, 30 Machi 2025

Kwa Wangechi, mtoto wangu mwenye jina la mama yangu,

Niko. Hilo ndilo neno lako moja, sasa kaa chini unywe chai ndipo usome mengine.

Ijumaa tulifika mtoni tukakuta maji ya rangi ya matope yamepanda juu ya daraja. Maundu akasimama. Kulikuwa na mtu akimwambia apite, kwamba magurudumu ya basi ni marefu. Maundu akasema ana orodha ya watu hawa na ameitilia sahihi, hawezi kuipeleka majini. Akarudisha basi nyuma mpaka mahali pa juu, na matope yakatushika hapo. Tulikaa mpaka jioni, mvua ilipopungua basi likasukumwa tukarudi nyumbani. Nilikuwa naogopa, sikufichi. Kila saa nilijua mashine inaningoja na mimi niko upande mbaya wa mto.

Mchana Katunge akashikwa na uchungu. Siku zake zilikuwa hazijatimia. Wanaume wakatoka wakasimama kwenye mvua, na mzee Muigai na mguu wake pia. Loise mwalimu alinisaidia, Kanini akamshika yule msichana wa kifafa akamgeuzia uso dirishani. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma. Kwanza hakulia. Wangechi, sijawahi kuogopa vile, hata mbele ya mashine siku ya kwanza. Nilimpangusa pua na mdomo kwa leso yangu, nikampapasa mgongo, na ndipo akalia. Ni msichana. Ananyonya. Katunge yuko hapa nyumbani kwangu, anakula uji.

Maji yanapungua. Huyu wa pikipiki anayeleta barua anasema kwa pikipiki na kwa miguu inawezekana, lakini basi ni zito, Maundu anafikiri labda Jumanne. Miguu yangu imevimba na nikilala pumzi ni fupi. Ndiyo, naogopa. Sitaki kukuficha tena. Mwambie muuguzi kwamba Jumanne kitanda changu asimpe mtu, nawe uwe stendi mapema.

Na hesabu yenu haijakamilika. Kuna mmoja aliyefika ndani ya basi hilo bila kupanda steji yoyote, sijui fomu yenu itamweka wapi. Mpango wenu ukiisha atakuwa na miaka thelathini, na kliniki, shule na kazi zote ziko huko mjini. Nimekaa na kalamu nimwandike kwa njia yangu, nimeshindwa. Hajapewa jina bado.

Mhesabu wewe.

Mama yako,
Warigia